Unga wa Kusukumia

Kulipopambazuka, Marietha alikuwa ameshasukuma chapati kumi na nane katika jiko la pamoja la fleti yao ya Al Muraqqabat, na mumewe Zakayo alikuwa ameshakula nne akiwa wima, amevaa koti zito la baridi, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

"Vua hilo koti, utazirai kabla hujafika uwanja wa ndege."

"Silivui. Nikilivua nitalisahau."

Uongo mtupu. Hakulivua kwa sababu alikuwa na furaha ya kitoto, na mwanamume wa miaka arobaini na moja akishikwa na furaha ya kitoto humwambii kitu. Kwa miaka tisa Zakayo alikuwa anaendesha mashine ya kusawazisha theluji katika jumba la michezo ya theluji ndani ya duka kubwa, pale ambapo nje jua linakaanga watu na ndani wageni wanakodi glavu. Theluji aliijua kama mwokaji anavyojua mkate. Lakini ilikuwa theluji ya mashine tupu, inayotoka kwenye mabomba darini. Iliyoanguka yenyewe kutoka mbinguni hakuwahi kuiona hata siku moja, na leo alikuwa anakwenda kuiona. Kampuni moja ya utalii ilikuwa imemkodi awasindikize wageni arobaini, wengi wao familia za Kizanzibari za hapo hapo Dubai, kwenda Kelmat, mji wa milimani huko kaskazini, awafundishe kutembea kwenye theluji bila kuvunjika viuno.

"Hiyo inanata," akasema Zakayo, akinyoosha mkono juu ya bega la mkewe. Akachota unga kidogo kwa ncha za vidole, akaunyunyiza kibaoni. "Ongeza unga wa kusukumia. Unajua, Marietha, sisi kule kazini huwa tunasema—"

"Zakayo! Theluji jikoni hapana."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba na aliitunga yeye mwenyewe Marietha mwaka wa pili wa ndoa, alipoona kila chakula kinaliwa na maelezo. Waswahili wa lile jumba, Watanzania kwa Wakenya na Waganda wawili watatu, walikuwa wameipa theluji majina ya jikoni. Iliyo kavu na laini waliiita unga. Iliyoanza kuyeyuka ni uji. Iliyoganda ikang'aa ni kioo. Hayo matatu Marietha aliyajua, maana yalimwingia sikioni kabla ya sheria kupita. Mengine aliyafungia mlango.

Zakayo akacheka, akafunga mdomo, akafungasha chapati zake. Sita kati ya hizo zilikuwa za Wilbard, rafiki yake wa jumba la theluji aliyehamia Kelmat mwaka juzi na sasa anaendesha greda la kufagia theluji kwenye uwanja wa ndege wa huko.

Saa mbili asubuhi ndege iliruka. Saa mbili na dakika tano Marietha alikuwa kwenye kiti chake ghorofa ya tatu, Al Garhoud, katika ofisi ya kampuni ndogo ya ndege za kukodi, akiitazama ndege ile ile kwenye skrini. Maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Yeye ndiye ofisa wa safari: anapanga njia, anahesabu mafuta, anafuatilia hali ya hewa, na ndege ikiwa angani anawaandikia marubani ujumbe unaochapwa kule mbele kwenye kikaratasi kama risiti ya dukani. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu aruhusiwe kukaa zamu peke yake, bila mtu wa kumchungulia begani.

Peke yake ni namna ya kusema. Msimamizi wake, Maan, alikuwa amekuja kazini siku yake ya mapumziko. Maan alizaliwa Deira, lakini kwao ni Unguja, na mama yake, Bi Ghania, mwenye miaka sabini na mitatu, alikuwa ndani ya ndege hiyo hiyo, kiti cha kumi na mbili B. Zakayo alikuwa kumi na mbili C. Marietha ndiye aliyewapanga pamoja, ili bibi apate wa kumshika mkono.

"Nimemwambia mama avae soksi mbili," alisema Maan kwa mara ya tatu. "Ati kanambia yeye si maiti."

"Tulia, Maan. Hali ni nzuri. Tazama mwenyewe."

Na kweli taarifa ya mnara wa kuongozea ndege wa Kelmat ilikuwa nzuri: theluji kavu, milimita tatu, breki nzuri. Kwa breki nzuri ndege yao ilihitaji mita elfu moja na mia sita kusimama. Njia ya kutua ya Kelmat ina mita elfu mbili na mia nne, na mwisho wake kuna tuta, na nyuma ya tuta kuna bonde. Nafasi ilikuwa ya kutosha na kubaki.

Saa sita kasoro robo simu yake ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Wilbard, upepo na mngurumo wa greda vikimmeza nusu.

"Shemeji, habari za saa hizi! Mwambie mzee wa koti namsubiri. Sasa shemeji, tumemaliza kufagia njia ya kutua. Hapa ni unga wa kusukumia. Unanisikia? Unga wa kusukumia! Wafikishie marubani."

Marietha akacheka peke yake. Huyo ni Wilbard, ameshaambiwa kuna chapati zake zinakuja, basi hata theluji anaiona chapati. Unga, alijua maana yake: theluji kavu. Na wa kusukumia ni ule mchache wa kunyunyiza tu, si wa kukandia. Theluji kavu, tena kidogo. Ilifanana neno kwa neno na taarifa ya mnara. Akamwandikia rubani, Kapteni Duncan, Mkenya mwenye utani mwingi, kwamba mtu wao wa Kelmat amethibitisha: theluji kavu, kidogo, breki nzuri.

Jibu likaja upesi. SHUKRANI MADAM. TUKO FITI. TUNAANZA KUSHUKA SITA NA ROBO.

Basi akafungua kontena lake la chakula.

Chapati zilizobaki zilikuwa tatu, na za chini hazikukung'utwa vizuri kwa ile haraka ya asubuhi. Alipoinua ya mwisho, unga ukamwagika mezani, juu ya kioo kilichofunika meza yake. Vumbi jeupe, jembamba. Akaisogeza simu kando kwa kidole kimoja ili apanguse.

Simu haikusogea. Iliteleza! Ilikwenda moja kwa moja, ikapita kalamu, ikapita ukingo wa meza, ikapiga sakafu pa!

"Hiyo imekufa," alisema Maan bila kugeuka.

Marietha hakuinama kuiokota. Alikuwa anautazama ule mstari ulioachwa na simu katikati ya unga, umenyooka, unang'aa. Kioo chini. Unga juu. Unga wa kusukumia kazi yake nini? Tangu ana miaka saba anasukuma chapati, anajua kazi yake nini. Ule hauwekwi uliwe. Unawekwa kitu kisishike!

"Maan," alisema, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni. "Hawawezi kutua pale."

"Nani kasema?"

"Wilbard. Mimi ndiye sikumsikia." Akaokota simu, akamsikilizisha ule ujumbe, ikiwa imepasuka uso lakini inasema. "Hakusema theluji ni kidogo. Amesema chini kumeganda. Wamefagia mpaka wamepasugua, juu ukaanguka vumbi la theluji, na sasa pale panateleza kuliko barafu tupu. Na mimi nimemwandikia Duncan breki nzuri!"

Saa ya ukutani ilisema sita na dakika kumi na mbili.

Akampigia Wilbard. Iliita mpaka ikakata. Akapiga mnara wa Kelmat kwa simu ya ofisi, akapokewa na mtu aliyemsomea taarifa ile ile, theluji kavu, milimita tatu, breki nzuri, akamwambia kipimo kingine kitachukuliwa baadaye, akakata. Kidole chake kikawa tayari kinaandika hesabu upya. Akaweka breki duni badala ya nzuri, akasubiri. Jibu likatoka: mita elfu mbili na mia saba.

Njia ya kutua ilikuwa na elfu mbili na mia nne.

"Mia tatu zinapungua," alisema. "Unajua mia tatu za mwisho ziko wapi? Ziko bondeni."

Maan alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini yeye ni mtu wa karatasi, na karatasi ilisema vingine. "Marietha, nisikilize. Taarifa ya mnara ndiyo taarifa. Hebu niambie ntaandika nini kwenye ripoti? Kwamba tumeigeuza ndege yenye watu arobaini na sita, tukawapeleka uwanja mwingine, Sorkan, kwa sababu ya chapati?"

"Mama yako anasukuma chapati?"

"Wataka nini na mama yangu?"

"Nijibu tu. Anasukuma?"

"Anasukuma, kila Ijumaa."

"Anafanyaje zisinate?"

"Anatia unga kibaoni." Mkono wa Maan ukanyunyiza unga hewani, kama alivyoona kwa mama yake tangu utotoni. "Halafu anaikamata hivi, anaite—" Mkono ukasimama. Akautazama. Akautazama na ule mstari kwenye kioo cha meza. "Anaitelezesha."

Ndege ya abiria ikapita juu ya paa kuelekea baharini na madirisha yakatetemeka.

"Yalla, andika!" alipiga kelele Maan. "Andika! Wasubiri nini?"

Na hapo ndipo Marietha alipofanya jambo ambalo hakuna mwongozo wa kazi unaolitaja. Ujumbe rasmi huandikwa kwa Kiingereza na kwa vifupisho, na angeweza kuandika hivyo. Lakini Duncan angesoma neno la mtu mmoja ofisini dhidi ya taarifa ya mnara, dakika ishirini kabla ya kutua, kutoka kwa ofisa huyo huyo aliyemwambia nusu saa iliyopita kwamba mambo ni mazuri. Angeanza kuuliza maswali, na dakika zingekwisha kwenye maswali. Kumbe bingwa wa jambo lenyewe alikuwa amekaa mita kumi nyuma ya mgongo wake, amevaa koti. Akaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa:

NILIKOSEA. USITUE KELMAT BADO. MTU WA GREDA ANASEMA NJIA NI UNGA WA KUSUKUMIA. MUULIZE ABIRIA 12C MAANA YAKE. BREKI DUNI UNAHITAJI 2700, ZIPO 2400. SORKAN IKO WAZI, MAFUTA YANATOSHA.

Akatuma. Sita na dakika kumi na saba.

Kisha ikaja ile kazi ngumu kuliko zote, ya kukaa. Kwenye skrini, namba ya urefu wa ndege ilikuwa inashuka. Futi elfu ishirini na moja. Kumi na tisa. Marietha alikuwa amezishika kingo za meza kwa mikono miwili, unga umemjaa vidoleni. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Mume wake alikuwa mle. Alikuwa mle na koti lake, na chapati zake, na furaha yake, na kosa lilikuwa la mkewe.

Kumi na sita.

"Mbona hajibu?" alisema Maan.

"Yuko kazini."

"Kazi gani inamshinda kujibu?"

"Maan, kaa chini."

Hakukaa. Kumi na nne. Kumi na mbili. Kelmat iko juu milimani. Kutoka hapo hazikubaki nyingi. Mbele yao skrini ilionyesha ndege nyingine, ya mizigo, ya watu wengine kabisa, inaingia kutua kwanza. Marietha akainyooshea kidole. Hawakuwa na namna ya kuwaambia chochote waliomo.

Elfu kumi na moja na mia tano. Kumi na moja na mia tano. Kumi na moja na mia tano.

"Imesimama!" alipiga kelele. "Haishuki tena!"

Kialama cha ndege kikaanza kupinda. Kilipinda polepole, mpaka ungedhani kinafikiri, halafu kikawa kimegeuka kabisa na kuelekea kusini, upande wa Sorkan. Mashine ya ujumbe ikalia.

12C ANASEMA USITUE KABISA. AMESEMA MARA TATU AKIWA AMESIMAMA. 12B ANASEMA HIVYO HIVYO NA ANATAKA CHAI. TUNAENDA SORKAN. HIYO IMEWEZA, MADAM.

Maan alisoma kwa sauti mstari wa mama yake, akacheka, akaendelea kucheka, akakaa hatimaye kwenye kiti na kufunika uso kwa ghutra yake ya kichwani. "Chai," alisema ndani ya kitambaa. "Ataka chai!"

Sita na dakika thelathini na tatu simu iliyopasuka ikaita. Wilbard. Safari hii hakukuwa na upepo, alikuwa anahema.

"Shemeji! Niambie si ninyi! Niambie ile si ya kwenu!"

"Ipi, Wilbard? Sema ipi!"

"Ndege imetua sasa hivi hapa. Imegusa chini vizuri kabisa, shemeji, pale pale panapotakiwa, ikashika breki, na ikaendelea kwenda! Haikupunguza hata kidogo! Imenipita mimi kwenye greda, matairi yamefungwa, inakwenda tu, imemaliza njia yote ikaingia kwenye tuta. Pua imezama, mkia umebaki nje."

"Watu?"

"Wazima. Walikuwa wanne, nawaona wanashuka kwa kamba, mmoja anatukana kwa lugha ambayo siijui. Ni ya mizigo. Tuta limeizuia kwa sababu ni nyepesi, imekuja nusu tupu. Ingekuwa nzito... Niliwaambia mnara. Niliwaambia! Wakasema ikishatua hiyo ndiyo watapima tena. Nikaona basi, shemeji yangu atanielewa."

Marietha alifumba macho.

"Nilikuelewa, shemeji," alisema. "Nilichelewa tu."

Saa saba na dakika nne ndege yao ikatua Sorkan, chini bondeni, kwenye njia iliyolowa mvua na isiyo na chembe ya theluji. Ofisi nzima ikapiga makofi, hata mhasibu ambaye hakujua kinachopigiwa makofi. Simu ya Maan ndiyo iliyotangulia kulia, na sauti ya Bi Ghania ikasikika mpaka kwenye korido.

"Maan! Mie nimetoka kwangu kuja kuona theluji, nimeletwa kwenye matope! Na huyu kijana wa koti kasimama kwenye ndege apiga kelele, msichana wa watu, Belinda, mhudumu wa ndege aliyekuja kumuuliza, kidogo alie. Nami nikamwambia amwambie rubani wake: mwanangu, anayejua kusukuma chapati hahitaji kuulizwa mara mbili!"

"Ndiyo, mama."

"Na hizo soksi mbili zanibana."

Marietha aliiacha ofisi na makelele yake, akatoka hadi kwenye ngazi za dharura, mahali pa joto na vumbi panaponukia mafuta ya ndege. Akapiga. Zakayo akapokea mlio wa kwanza.

"Mke wangu! Mvua inanyesha huku! Wanasema kesho watatupandisha Kelmat kwa basi, saa tano njiani, na Wilbard anasema kule inaanguka, Marietha, inaanguka yenyewe toka juu! Nimemwambia asile chapati bila... ah, chapati ninazo mimi. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mbona sauti hiyo? Unalia?"

"Nalia, ndiyo." Akapangusa uso kwa mkono wenye unga, akajipaka mweupe wote. "Zakayo, asubuhi ulitaka kuniambia nini?"

"Lini?"

"Pale kibaoni. Uliponyunyiza unga. Ulisema, unajua sisi kule kazini huwa tunasema, nikakukatiza."

Mvua ya Sorkan ilisikika inapiga kitu cha bati.

"Aa, ile," alisema Zakayo. "Nilitaka kukwambia kwamba katika zote, hiyo ndiyo peke yake ninayoiogopa."

Marietha akakaa kwenye ngazi. Saruji ilikuwa ya moto, hakujali.

"Haya," alisema. "Nieleze. Na ukimaliza hiyo unieleze nyingine zote, moja moja, usiruke."